Fundi, kama hakuna baruti, huo moto ni wa nini?

Mwaka wa masomo ukianza, hazipiti wiki mbili kabla mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajanifuata maabara na simu mkononi. "Fundi, hebu ona hii." Naijua hata kabla hajaigeuza: risasi inachomoka kwenye bunduki ya reli, mtambo unaorusha kwa umeme, wa Jeshi la Majini la Marekani kule Dahlgren, Virginia, na mkia wa moto unaifuata. Karibu wote huuliza inakwenda kasi gani. Siku moja binti mmoja akauliza jingine: "Kama hakuna baruti, huo moto ni wa nini?" Huyo nilimvutia kiti.

Bunduki ya reli yenyewe haina siri. Ni reli mbili sambamba, na katikati kipande cha alumini kinachozigusa zote mbili. Mkondo unapanda reli hii, unavuka kwenye alumini, unarudi kwa reli ile. Unapopita unazaa uga wa sumaku kati ya reli, na uga huo unaisukuma alumini. Nyoosha vile vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kanuni ya Fleming ya sekondari, utaona haina pa kwenda ila mbele. Kani inakua kwa mraba wa mkondo: mkondo mara mbili, msukumo mara nne. Ampia milioni 1 kwenye mtambo mkubwa hutoa kani ya kama nyutoni 250,000, sawa na kuegemeza lori la tani 25 mgongoni mwa kipande unachoweza kukibeba kwa mikono. Na usisahau kwamba reli nazo zinasukumana ziachane. Ndiyo maana ukiutazama mtambo kwa karibu unaona vyuma na bolti kila mahali, kama daraja.

Sasa moto. Umewahi kumtazama fundi wa mageti anayechomelea, elektrodi ikamng'ang'ania kwenye chuma? Anaitikisa, cheche zinaruka, chuma kinabaki na kidonda. Mashine yake inatoa ampia mia na ushee tu. Weka milioni, halafu mguso huohuo ukimbie zaidi ya kilomita 2 kwa sekunde. Alumini inayeyuka, nyingine inageuka mvuke, umeme unaruka pale mguso unapolegea, na chembe za alumini zikikutana na hewa pale mdomoni zinawaka. Mnachokipigia makofi kwenye video ni bunduki inayojila yenyewe. Mwaka 2010 Dahlgren walifikia megajouli 33, yaani jouli milioni 33 za nishati, kwa risasi moja. Mwaka 2021 mradi ukasimamishwa, na kuchakaa kwa reli lilikuwa moja ya mambo yaliyowasumbua muda wote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowadai ni hili: ukioneshwa silaha yoyote ya aina hii, usiangalie ilikolenga. Uliza nishati ambayo haikufika kule imeishia wapi. Na upige hesabu kabla hujashangaa.

Chukua hizo megajouli 33. Uniti moja ya umeme wa LUKU ni megajouli 3.6; zigawe, unapata kama uniti 9. Ndiyo, uniti 9, unazoweza kununua kwa simu ukiwa umekaa sebuleni. Ugumu uko kwenye muda. Tuseme reli zina urefu wa mita 10 na risasi inatoka na kasi ya kilomita 2.5 kwa sekunde. Kwa kuwa inaanzia sifuri, inakaa ndani kwa kama milisekunde 8. Gawa nishati kwa muda huo: zaidi ya megawati 4,000. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, mashine zote 9 zikizunguka, ni megawati 2,115. Na hapo sijahesabu kinachopotea njiani.

Na msidanganywe na wanaosema ni mzinga wenye nguvu kupita yote. Mizinga ya inchi 16 ya manowari za Marekani za daraja la Iowa, za wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilirusha kombora la kilo 1,225 kwa mita 762 kwa sekunde. Nusu ya uzito mara mraba wa kasi: megajouli 355, kwa baruti ya kawaida. Umeme haukuwashinda wazee wale kwa nishati. Uliwashinda kwa kasi.

Bunduki ya koili ni ndugu yake, na wengi mtaijaribu kwa ajili ya mradi. Ile "klik" ya stata ya gari ndiyo hiyohiyo: koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inavuta chuma kuja katikati yake. Mkondo usipokatika kwa wakati, chuma kikivuka katikati kinarudishwa nyuma. Miradi mingi ya wanafunzi wangu hufia hapo. Mwanafizikia Kristian Birkeland wa Norwei alikuwa na mzinga wa koili mwaka 1903. Akauonesha hadharani mbele ya wageni waalikwa, ukapiga shoti, ukalipuka kwa mwanga na kishindo. Mwaka huohuo alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa akitafuta namna ya kupata radi ya kutengeneza mbolea kutokana na hewa. Kampuni yao, Norsk Hydro, ilianza 1905. Kampuni ya Yara iliyozaliwa humo ndiyo yenye chapa kwenye mifuko mingi ya mbolea inayopakiwa bodaboda kwenda mashambani huku kwetu.

Kapasita sasa, chombo kinachohifadhi umeme wa kurushia, na hapa naomba mnisikilize. Nikiwa mwaka wa pili nilimaliza chaji ya kapasita kubwa kwa waya, nikapima, sifuri. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaishika, ikanitupa kutoka kwenye stuli, na mkono ukabaki na ganzi hadi jioni. Hakuna aliyeichaji. Kihami kilicho ndani yake hubakiza sehemu ya chaji na kuirudisha polepole kwenye vituo, zile ncha za kuungia waya. Kwa hiyo ukishaimaliza, funga waya kwenye vituo vyake viwili na uuache hapohapo hadi siku itakapotumika.

Leza mnaiogopa kidogo kuliko umeme, na hapo ndipo mnapokosea. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 kwa fimbo ya rubi. Atomi iliyopandishwa nishati ikipitiwa na fotoni, yaani chembe ya mwanga, inatoa fotoni pacha, yenye rangi na mwelekeo uleule; vioo viwili vinazirudisha hadi zinakuwa jeshi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa ndani ya uzi wa kioo. Silaha iliyowekwa kwenye meli ya USS Ponce katika Ghuba mwaka 2014, ya kilowati 30, ilijengwa kwa kuunganisha leza za viwandani za kuchomelea. Tumerudi kwa fundi wa mageti.

Inafanyaje kazi? Inapasha moto, basi. Doa la sentimita 5 kwenye bati la alumini la milimita 2 lina gramu kama 10. Kuliyeyusha kunahitaji kama kilojouli 10. Alumini ikimeza sehemu 1 tu ya 10 ya mwanga, kilowati 30 zitahitaji sekunde tatu na nusu. Sekunde zote hizo doa lisihame, na lengo liko umbali wa kilomita kadhaa, linaruka. Hewa nayo, kama ile inayotetema juu ya lami saa saba mchana, inapashwa na mwale wenyewe na kuutawanya. Na kwa kuwa theluthi moja hivi tu ya umeme hugeuka mwanga, kama kilowati 60 zinabaki melini kama joto: pasi 60 zikiwaka chumba kimoja.

Mwale huo hauonekani. Hata kile kitochi cha leza ya kijani cha bei rahisi mnachonunua barabarani huweza kuvujisha mwanga wa nanomita 1,064, usioonekana, ambao jicho halipepesi kwa sababu halijui kama limepigwa. Miwani iko droo ya pili kushoto. Soma namba iliyoandikwa pembeni ya kioo, nanomita inazozuia, kabla hujavaa. Miwani ya bluu si ya meza ya leza.