Maswali ya Wasomaji: Namba mbili za ufanisi kwa bia moja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Leeds, Uingereza, ambako mtu huruhusiwa kujipikia bia nyumbani bila leseni mradi haiuzi. Mahesabu yangu huyafanya kwa programu ya BeerSmith. Safari hii nilitumia kilo 5 za kimea cha shayiri, nikapata lita 25 za maji ya kimea (maji matamu yanayotoka kimea kikilowekwa) kabla ya kuchemsha, zenye msongamano wa 1.046, ambapo maji matupu ni 1.000. Baada ya kuchemsha zilibaki lita 23 zenye 1.050, na kati ya hizo lita 20 ndizo zilizoingia katika ndoo ya kuchachushia. Programu imenionyesha kwamba ufanisi wa kukamua kimea ni asilimia 77, na ufanisi wa jumla ni asilimia 67. Niamini ipi? Na mbona asilimia hizo zote mbili hushuka nikipika bia kali?
Msomaji, Leeds

JIBU: Ndugu msomaji, ziamini zote mbili, kwa sababu zinapima sukari ileile katika vituo viwili tofauti vya safari yake.

Programu huanza kwa kukadiria sukari yote ambayo kimea kingeweza kutoa. Sukari hiyo huhesabiwa kwa alama: msongamano wa 1.046 ni alama 46 kwa kila lita. Kwa kimea cha kawaida cha rangi hafifu, kadirio hilo ni karibu alama 300 kwa kilo, yaani kilo moja ikitoa kila ilicho nacho katika lita 10 za maji ya kimea, msongamano wake utafika 1.030. Kilo zako 5 zilikuwa na alama 1,500. Kabla ya kuchemsha ulikuwa na lita 25 zenye alama 46 kila moja, jumla 1,150, na ukizigawa kwa 1,500 unapata karibu asilimia 77. Huo ndio ufanisi wa kukamua: unaeleza jinsi wanga ulivyogeuka sukari, na jinsi sukari hiyo ilivyosuuzwa kutoka katika machicha.

Kuchemsha hakukupunguza chochote katika hesabu hiyo, kwani kinachopaa ni maji tu. Lita 23 mara alama 50 ni 1,150 zilezile. Upungufu ulitokea ulipomimina. Lita 3 zilibaki sufuriani pamoja na mashapo na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), zikiwa na alama 150, kwa hiyo ndoo ilipokea alama 1,000, ambazo ni asilimia 67 ya zile 1,500, na huo ndio ufanisi wa jumla. Tofauti yote ya asilimia 10 iko katika lita hizo 3, na kimea chako hakina kosa.

Hapa pana mtego ambao umewasumbua wengi. Katika BeerSmith, namba unayoiingiza wewe ni ufanisi wa jumla. Ule wa kukamua programu huukokotoa yenyewe kwa kurudi nyuma. Tuseme umegundua kwamba sufuria yako hubakiza lita 6 wala si 3, ukarekebisha hasara hiyo katika wasifu wa vyombo, yaani ukurasa wa programu unaohifadhi vipimo vya vyombo vyako, lakini ukaiacha asilimia 67 ilivyokuwa. Programu itakutii: ili ndoo ipate lita 20 zenye 1.050, itadhani kuwa baada ya kuchemsha utakuwa na lita 26 zenye msongamano huohuo, jumla alama 1,300, na kwamba umekamua karibu asilimia 87 ya kimea. Hukuboresha chochote, ila karatasi inasema umeboresha, na siku ya kupika bia itatoka nyepesi kuliko ulivyotarajia. Kwa hiyo kila unapogusa hasara, tazama ufanisi wa kukamua uliokadiriwa. Ukiona umepanda juu ya ule unaoupata kwa kawaida, teremsha ufanisi wa jumla mpaka urudi mahali pake.

Kabla ya kulaumu mashine ya kusagia, kagua pia vipimo vyenyewe. Maji ya kimea yaliyo karibu kuchemka huwa yametanuka kwa takriban asilimia 4. Kama zile lita 25 ulizisoma zikiwa za moto namna hiyo, zikipoa ni lita 24 tu, na ufanisi wako halisi ni karibu asilimia 74. Sampuli ya haidromita, yaani kifaa cha kupimia msongamano, nayo ipoze hadi joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi nyuzi 20 za Selsiasi, kwa sababu ikiwa na joto itasoma chini. Vipimo vikiwa sawa na bado ukamuaji uko chini, ndipo uangalie usagaji: punje zilizopita nzima hazitoi wanga wake kwa urahisi. Tone la aidini juu ya maji ya kimea likigeuka buluu iliyokolea, wanga bado upo.

Kuhusu bia kali, sababu iko katika machicha. Kila kilo ya kimea hunywa na kubaki na takriban lita moja ya maji ya kimea. Ukiongeza kimea kutoka kilo 5 hadi 8 kwa sufuria ileile, machicha yatazuia lita nyingi zaidi, tena zenye sukari nzito zaidi, na maji yanayobaki ya kusuuzia ni machache. Usitegemee programu iteremshe ufanisi wa jumla yenyewe. Upunguze kwa asilimia 5 hadi 10 unapoandika mapishi, au ongeza maji ya kusuuzia na ukubali kuchemsha kwa muda mrefu zaidi.

Sioni haja ya kuwafukuzia wale wanaojivunia asilimia 85. Kwa kiwanda, asilimia moja ni fedha nyingi. Kwako wewe ni gramu 50 za kimea, konzi moja tu. Namba inayojirudia kila unapopika ina faida zaidi, maana ndiyo inayokuwezesha kujua mapema bia itatoka na ukali gani. Bia zako kali zitengenezee wasifu wake wa vyombo, wenye ufanisi wake, usichanganye namba zake na za bia nyepesi.