Uliza Anko: Clifford wa Austin, mwenye klabu ambaye wazee wa blues bado wanamtaja kila usiku

Swali: Shikamoo Anko. Mimi ni mtoto wa Tanga ila sasa hivi niko Houston, Texas, naendesha lori, mwaka wa sita huu. Juzi kati nililala Austin nasubiri mzigo, dereva mwenzangu mmoja mzee Mmarekani mweusi akasema twende nikuonyeshe kitu, akanipeleka klabu inaitwa Antone's, mtaa wa East 5th. Blues, huu muziki wa zamani wa Wamarekani weusi, mimi nilikuwa siijui kabisa, nimekulia kwenye taarabu na bongo fleva, lakini Anko nilikaa mpaka wanapandisha viti juu ya meza. Sasa kilichonishangaza, kila ukimuuliza mtu jambo anakujibu Clifford, mara Clifford alisema hivi, mara Clifford angeipenda hii, nikadhani ni meneja yuko ofisini anahesabu hela, kumbe alishakufa zamani! Ni nani huyu, na alikuwa anapiga chombo gani?
*Dereva wa Tanga, Houston*

Jibu: Marahaba mwanangu, pole na barabara. Chombo si kilichomfanya akumbukwe. Clifford Antone alikuwa mwenye klabu, basi, mtu wa kufungua mlango, kulipa wanamuziki na kusimama pembeni ya stegi anatikisa kichwa. Ndio maana swali lako nimelipenda, maana wenye kumbi huwa hawakumbukwi, anakumbukwa mwimbaji tu, mwenye ukumbi tunamkumbuka akitudai bili.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1949 Port Arthur, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta kule kwenye kona ya Texas na Louisiana, ndiko alikotoka pia mwimbaji Janis Joplin. Familia yao ni ya asili ya Lebanon, watu wa biashara ya vyakula, na wewe uliyeko Houston kama umewahi kula ile mikate mirefu ya po'boy ya Antone's basi ujue ni ukoo huohuo, umeshamla shemeji bila kujijua. Kijana akaenda Austin kusoma, masomo hayakumkaa, blues ikamkaa.

Sasa vuta picha ya mwaka 1975. Austin wakati huo ilikuwa mji wa mahipi na makauboi, mwimbaji wa country Willie Nelson ndio yuko juu, ukumbi mkubwa ni Armadillo World Headquarters, na huko kwingine disko inaanza kupanda. Blues ilikuwa inaonekana muziki wa wazee, na wazee wenyewe waliorekodi zile nyimbo kali za Chicago miaka ya 50 wengi wao simu hazilii tena. Mtaa wa Sixth Street ambao leo watalii wanajaa mpaka huwezi kupita, ulikuwa umechoka, majengo matupu. Clifford, miaka 25, akachukua jengo lililokuwa duka pale kona ya Sixth na Brazos, akasema hapa ni nyumba ya blues. Tarehe 15 Julai 1975 akafungua, na wa kwanza kupanda stegini alikuwa Clifton Chenier na bendi yake kutoka Louisiana.

Hapo nikusimamishe kidogo, maana najua mtoto wa Tanga ataipenda hii: Chenier alikuwa anapiga kodiani! Ndio, kodiani lilelile la taarabu, ila yeye analipiga kwa mwendo wa dansi, pembeni yake ndugu yake Cleveland amevaa kifuani kibati chenye mikunjo kama mabati ya paa, anakikwaruza. Huo muziki unaitwa zydeco. Na Chenier aliwahi kufanya kazi kwenye viwanda vya mafuta vya Port Arthur, kwahiyo Clifford alifungua klabu yake na sauti ya nyumbani kwao, hakwenda kutafuta jina kubwa la redioni.

Baada ya hapo wakaja wakubwa. Muddy Waters, Albert King, Jimmy Reed, Otis Rush, Buddy Guy, Sunnyland Slim, Eddie Taylor, orodha ni ndefu. Lakini kilichomtofautisha Clifford ni namna alivyowaweka. Promota wa kawaida anamleta msanii usiku mmoja, anapiga, anapewa bahasha, kesho yuko kwenye basi. Clifford alikuwa anamchukua mtu usiku kadhaa mfululizo, anampa chumba, anampa chakula, mchana anakaa nae kumsikiliza. Sasa mzee akishakaa mjini siku nne tano lazima vijana watamzunguka tu, mmoja anauliza hizi nyuzi unazishikaje, mwingine anabeba begi la gitaa, usiku wanaitwa juu kupiga nae.

Na vijana wenyewe walikuwa nani? Bendi iliyokuwa kama ya nyumbani pale ilikuwa The Fabulous Thunderbirds, Jimmie Vaughan kwenye gitaa na Kim Wilson anaimba na kupuliza kinanda cha mdomo. Muddy Waters alipowasikia aliwakubali waziwazi, na neno la Muddy kwenye blues ni kama mihuri miwili. Halafu kuna mdogo wake Jimmie, anaitwa Stevie Ray. Stori inayosimuliwa Austin mpaka leo ni kwamba Albert King alikuja pale, yule mzee wa mkono wa kushoto anayepiga gitaa kichwa chini miguu juu, mkali, hataki utani, Clifford akamwendea akamuomba amruhusu huyu dogo apande. Mzee hakufurahi, mwenye klabu anakuombea mtoto asiyejulikana kwenye shoo yako! Akakubali kishingo upande. Dogo akapiga, na akapiga mambo ya Albert mwenyewe mbele ya Albert, mzee akabaki anamwangalia. Mwaka 1983 hao wawili walirekodi pamoja kipindi cha televisheni kule Kanada, unaweza kukitafuta ukaona mzee anavyocheka. Stevie Ray Vaughan alikufa kwenye ajali ya helikopta tarehe 27 Agosti 1990, ana miaka 35 tu.

Na si wanaume peke yao, Angela Strehli alikuwa na Clifford tangu klabu inaanza, anaimba na anashughulika na mambo ya ndani, halafu Lou Ann Barton na Marcia Ball, hawa wote ukiwasikiliza unasikia Antone's.

Klabu yenyewe imehama sana. Pale Sixth hawakudumu, wakaenda kaskazini ya mji, wakakaa miaka mingi mtaa wa Guadalupe karibu na chuo kikuu, wakahama tena na tena, hapo ulipoingia wewe ni kituo cha karibuni tu. Mmoja wa wenye hisa hapo ni Gary Clark Jr., ambaye alikuwa kitoto cha Austin kinakuja na gitaa, Clifford akakipa stegi. Mwaka 1987 Clifford alianzisha na lebo ya kurekodi, na lilikuwepo duka la santuri pia. Alifariki tarehe 23 Mei 2006, moyo, miaka 56. Sasa unaelewa kwanini wanamtaja kama yuko ofisini.

Swali: Sasa kaka. Toleo lililopita ulimtaja huyu Clifford Antone kwa mistari miwili ukamuita mfano, mimi nikaenda kugugo nikapata jamaa alifungwa kwa bangi, tena si mara moja. Sasa nyinyi watu wa magazeti mbona mnapenda kupaka watu rangi nyeupe wakishakufa? Mimi niko na watoto wa high school nyumbani na hii gazeti yenu wanasoma.
*Mzazi, Nakuru*

Jibu: Uko sawa, na kosa ni langu, mistari miwili ilikuwa michache. Alifungwa mara mbili. Mara ya kwanza miaka ya 80, kwa bangi. Mara ya pili mwaka 2000, hukumu ya miaka minne, bangi na utakatishaji wa pesa. Hii ya pili si ile ya kijana kakamatwa na msokoto, ni mzigo, na mimi sikubaliani na mashabiki wake wanaosema "aah ilikuwa bangi tu, na leo si inauzwa madukani". Sheria aliijua, akaivunja, akarudia.

Alipokuwa ndani klabu haikufa kwa sababu dada yake Susan aliishika, huyu mama nae hatajwi inavyotakiwa. Na kuna mambo mawili ambayo nadhani watoto wako wanaweza kuyasoma bila shida. Moja, alikuwa na tamasha la kuchangia vijana walioacha shule, waliliita Help Clifford Help Kids, hela inakwenda American YouthWorks pale Austin. La pili ndilo linanifurahisha, alisimama kufundisha historia ya blues Chuo Kikuu cha Texas, yaani mtu aliyeacha chuo na akatoka jela, anasimama mbele ya wanafunzi anawaambia Muddy Waters alikuwa anakaa vipi, anakula nini, anacheka vipi. Profesa mwingine angesoma kwenye kitabu, huyu alikuwa anasimulia watu waliolala kwake.

Kwahiyo wapeni watoto vyote viwili, dada au kaka, mimi sikuandikiwa jinsia yako. Toleo lijalo nikimtaja tena nitaweka na jela.

Swali: Habari za kazi Anko. Mimi nina baa yangu Morogoro, si kubwa, meza kama ishirini. Nataka kurudisha muziki wa laivu kama zamani lakini kila bendi ninayoongea nayo wanataka hela ndefu, na wateja wangu vijana wanataka DJ. Huyo jamaa yako wa Texas alifanyaje mpaka ikaenda?
*Mwenye baa, Msamvu*

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Kwanza nikukatishe tamaa kidogo, Clifford hakutajirika kwa blues, kwa maelezo ya waliokuwepo alikuwa anawalipa wazee zaidi kuliko getini kulivyoingiza, ndio maana sikushauri uige mahesabu yake, iga mpangilio.

Mpangilio wake mmoja ulikuwa bendi ya nyumbani. Badala ya kumleta mzee wa Chicago na watu sita, tiketi sita, vyumba sita, alikuwa na watu wake palepale mjini, drams, besi, gitaa, kinanda, wanajua nyimbo zote za yule mzee kabla hajashuka. Mzee anakuja na gitaa lake tu. Gharama inashuka, na vijana wa bendi wanapata shule ya bure. Siku yao ikawa Jumatatu, siku ambayo baa imelala, kwahiyo hata wasipojaa huna ulichopoteza. Wewe usianze na Jumamosi, Jumamosi mwachie DJ wako.

Sasa angalia tofauti na kwetu. Sisi miaka ileile ya 70 na 80 muziki wa dansi Dar ulikuwa mali ya mwenye vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na baadae ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar, Safari Sound ilikuwa ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Mwenye magitaa ndiye mwenye bendi, mwanamuziki anaajiriwa, akikasirika anahamia kwa mwenye magitaa mwingine, kama mwimbaji Muhidin Gurumo alivyotoka Mlimani akaenda Safari Sound katikati ya miaka ya 80. Ilizaa muziki mkubwa, siwezi kubisha, nimeucheza mpaka viatu vimeisha, lakini siku mwenye vyombo akifunga biashara au shirika likifa, bendi nayo inakufa, na mzee mpigaji anabaki hana hata waya. Clifford hakummiliki mtu. Stegi yake, chombo chako, jina lako, ukitoka pale unaenda nalo. Thunderbirds walipata mkataba wakaenda zao, akafurahi, wakirudi mjini wanapita.

Na wewe umekaa mji gani vile? Morogoro! Mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, baadae Super Volcano. Mbaraka alikufa kwa ajali Kenya mwaka 1979, Salum alikufa 1965, lakini watu waliokua wanawasikia, waliobeba vyombo vyao, waliojifunza kwa wapigaji wao, hao hawawezi kuwa wameisha wote. Clifford angeanzia hapo, angepita mtaa kwa mtaa anauliza nani alipiga na nani.

Tafuta mmoja. Usimwombe aje na bendi, mwombe aje Jumatatu tatu tu, tafuta vijana wanne wa kanisani au wa chuo cha muziki wanaojua kushika vyombo, wape nyimbo nane za kukariri wiki mbili kabla. Mlipe mzee kabla hajapanda, mkononi, usimwambie tusubiri tuone geti. Nauli ya bodaboda kurudi usiku iwe juu yako. Na weka kiti chenye mgongo stegini, Pinetop Perkins, mpiga kinanda wa Muddy Waters, alihamia Austin uzeeni akawa anapiga Antone's mpaka ana miaka zaidi ya 90, alipata Grammy akiwa na 97, na alikuwa anapiga amekaa, suti imepigwa pasi. Huyo DJ wako mwambie Jumatatu awahi, akae meza ya mbele.