Maswali na Majibu: Nguzo ya Tangi na Mtikisiko Wake

Wete: Nina paipu ya chuma ya milimita 168.3, unene 5, urefu mita 6, imesimama peke yake na juu ina tangi la lita 500. Nitajuaje kwa mkono itatikisika mara ngapi kwa sekunde?

Umeleta vipimo, ahsante, wengi hawaleti. Anza na umbo: I, yaani kipimo cha jinsi umbo la paipu linavyopinga kupinda, = π(D⁴ − d⁴)/64, D ikiwa kipenyo cha nje (168.3) na d cha ndani (158.3), unapata mm⁴ milioni 8.56. Nguzo iliyokamatwa chini na kuwa huru juu, ukakamavu wake, yaani nguvu inayotakiwa kusogeza kichwa chake kwa kipimo kimoja, ni k = 3EI/L³, L ikiwa urefu na E ugumu wa chuma chenyewe. Kwa chuma, E ni 200,000 N/mm², kwa hiyo k ni 23.8 N/mm. Hapo simama kwanza, igeuze iwe 23,800 N/m.

Tungamo: maji kilo 500, tangi na fremu tuseme 60. Paipu yenyewe ina kama kilo 120, lakini usiitie yote, kwani sehemu ya chini haisogei. Chukua asilimia 24, yaani kilo 29. Jumla 589.

√(23,800/589) ni 6.36. Gawa kwa 2π: mara 1.01 kwa sekunde. Mzigo wa juu nao unailegeza nguzo. Mzigo wa kuipindisha ni π²EI/4L², kilonewtoni 117. Wako, yaani uzito wa maji, tangi na fremu, ni 5.5. Zidisha kwa √(1 − 5.5/117), unabaki na 0.99. Kisha rudia hesabu tangi likiwa tupu: utapata kama 2.6. Anayepiga hesabu ya tangi lililojaa peke yake amefanya nusu ya kazi.

Mkoani: Mimi nimepata 0.03. Nimekosea wapi?

Hukugeuza milimita kuwa mita. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Nguzo ya mita 6 inayochukua nusu dakika kwenda na kurudi mara moja haipo. Jiulize kabla hujaandika jibu. Ukipata 0.32, umetia uzito kwa newtoni badala ya kilo. Ukipata 6.36, umesahau 2π.

Jang'ombe: Naweza kutumia 12EI/L³?

Kwa nguzo ya tangi, hapana. Hiyo ni ya nguzo ambayo kichwa chake nacho kimezuiwa kuzunguka, kama ile iliyo chini ya slabu nzito. Ukiitumia hapa jibu litakuwa mara mbili ya ukweli.

Nungwi: Hesabu inasema 0.99, lakini nguzo ikisukumwa inakwenda polepole zaidi. Fomula ina kasoro?

Fomula haina kasoro. Tazama mguu wa nguzo, jambo ambalo watu hawataki kulisikia. Jaza tangi, sukuma kidogo, hesabu mitikisiko 20 kwa saa ya simu. Ikichukua sekunde 27, ni 0.74 kwa sekunde. Gawa 0.74 kwa 0.99, zidisha jibu kwa lenyewe: 0.56. Karibu nusu ya ukakamavu imepotea. Fomula ilidhani chini hapachezi hata kidogo, na wewe una bamba jembamba lisilo na vibati vya pembeni, nati zilizolegea, au zege iliyomwagwa juu ya mchanga bila kufika kwenye jiwe.

Halafu kuna chumvi ya bahari. Paipu ikiliwa milimita 1 tu kwa nje, I inashuka hadi milioni 6.72, zaidi ya humusi imekwenda. Na kutu huanza pale paipu inapoingia kwenye zege, maji yanapotuama, ndipo hasa nguzo inapobeba mkunjo mkubwa kuliko pote. Kwangua rangi hapo uone chuma. Wala usiegemeze ngazi kwenye nguzo hiyo mpaka umeridhika.

Chake Chake: Kwa nini tangi linacheza zaidi likipungua maji kidogo?

Likijaa pomoni, maji na tangi huenda kitu kimoja. Yakipata nafasi juu, hupiga mawimbi yao wenyewe, na katika tangi la upana wa sentimita 84 mawimbi hayo huenda na kurudi takriban mara moja kwa sekunde. Nguzo ya Wete hapo juu ni hivyo hivyo. Vikikutana viwili hivyo siku ya kusi kali, kila msukumo wa upepo unaongezewa na maji. Ondoa nguzo moja, weka miguu minne yenye mishazari.