Nilikunywa kabla sijajua kama nna mimba, mwanangu atakuwaje?

SWALI: Asalaam alaykum bi mkunga. Niko Pemba, mimba yangu imeingia mwezi wa tatu. Kabla sijajijua nlikuwa nakunywa bia mwisho wa wiki. Jirani ananambia nihamie tembo la mnazi ati ni la asili halina neno. Kuuliza kliniki naona haya.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Tulia kwanza, si kila aliyekunywa kabla ya kujijua anazaa mtoto mwenye kasoro, ila acha leo, usingoje bia ziliopo zishe.

Huyo jirani amekosea kabisa. Tembo likigemwa ni tamu kweli lakini linaanza kuchacha saa hizo hizo, jioni ni pombe kama pombe nyengine.

Ukinywa wewe ananywa na mtoto aliye tumboni. Pombe inaingia kwenye damu yako, inavuka zalio, inamfika, na ini lake bado changa haliwezi kuivunja kama lako, mpaka yale maji anayoelea ndani yake yanakaa na pombe. Na ubongo wake unajengwa mimba nzima mpaka siku ya kuzaa, ndo mana hakuna mwezi tunaosema sasa kunywa, wala kiasi kidogo tunachojua ni salama.

Mtoto kuumizwa na pombe tumboni ni ugonjwa, kwa Kiingereza unaitwa fetal alcohol syndrome. Madaktari wa Marekani walioupa jina hilo mwaka 1973 waliutambua kwa sura, kichwa kidogo, macho madogo, mdomo wa juu mwembamba na kile kifereji cha chini ya pua hakionekani. Lakini watoto wengi walioathirika sura hiyo hawana!! Unamuona mzima, anaanza skuli ndo mambo yanatoka, hatulii, alichofunzwa jana leo kimepotea, hesabu hazimuingii, anapigwa anaitwa mtukutu na kumbe ubongo uliumia tumboni. Hilo linaniuma sana. Dawa ya kuuponya hakuna, ila akijulikana mapema anasaidika.

Ultrasaundi usiitegemee kukwambia haya, mengi haiyaoni. Kliniki ndo useme. Najua kwetu mwanamke kutamka pombe ni mtihani, basi muombe mkunga mkae faragha wawili tu umwambie ulikunywa nini, kiasi gani, mpaka lini, ili mtoto akizaliwa wajue cha kumuangalia. Na kama ni zaidi ya ulivyoniandikia, yaani kila siku, ukikosa mikono inatetemeka na jasho linakutoka, hapo usiache ghafla peke yako nyumbani maana unaweza kushikwa na kifafa, nenda hospitali wakusimamie.