Maswali na majibu: Kadi za besiboli zilizochorwa kwa mkono

Kamera zilikuwepo. Kwa nini wachezaji wa Marekani wa miaka ya 1950 walichorwa kwenye kadi? (Msomaji, Dodoma)

Picha walipigwa, ila nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mtoto mwenye senti 5 mkononi alitaka rangi. Kampuni mbili za chingamu zilimgombea mtoto huyo: Bowman ya Philadelphia na Topps ya Brooklyn. Kadi yenye sura ya mchezaji, iliyotiwa ndani ya pakiti, ilikuwa chambo tu; biashara ilikuwa chingamu. Mwaka 1951 Bowman waligeuza picha za wachezaji kuwa michoro. Mwaka uliofuata Topps walipaka rangi juu ya picha nyeusi na nyeupe, na 1953 wakatoa seti nzima ya sura zilizochorwa. Mchoraji anayetajwa zaidi ni Gerry Dvorak. Bowman walijibu mwaka huohuo kwa picha halisi za rangi. Kwa ufundi walikuwa mbele, lakini mimi nipe za Topps. Sura zile zina jasho, zina makunyanzi, zina watu.

Nimesikia kadi moja ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli, iliuzwa dola milioni 12.6. Ni kwa sababu ndiyo yake ya kwanza? (Msomaji, Minneapolis)

Hapana ndugu yangu. Ya kwanza ni ya Bowman ya 1951, namba 253. Iliyouzwa mnadani Agosti 2022 ni ya Topps ya 1952, namba 311. Tena Mantle huyo alichapishwa maradufu ya wenzake wengi wa fungu lake (seti ilitoka kwa mafungu), kwa hiyo wala si adimu kuliko wao. Ila fungu hilo, la mwisho katika seti, lilifika madukani msimu ukielekea ukingoni, watoto akili zao zishahamia kwingine. Maboksi yakadoda ghalani. Kwa maelezo ya Sy Berger, aliyebuni seti hiyo, mwaka 1960 hivi aliyapakia kwenye tishari akayatosa Atlantiki. Ongeza kwamba kadi ile imebaki safi kama imetoka kiwandani jana, na kwamba matajiri wawili wakitaka kitu kimoja hakuna wa kuwashika mkono. Uzuri wa mchoro haumo kwenye hesabu hiyo. Mantle wa Topps ya 1953, namba 82, amechorwa vizuri zaidi.

Je, wachezaji weusi walipewa nafasi kwenye kadi hizi? (Msomaji, Mombasa)

Walioruhusiwa kuingia ligi kuu, ndiyo. Jackie Robinson alivunja ubaguzi huo Aprili 15, 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers, na katika seti ya Topps ya 1953 yeye ndiye kadi namba 1. Willie Mays ni namba 244. Namba 220 ni mrushaji Satchel Paige, ambaye aliingia ligi kuu 1948 akiwa na miaka 42, ujana wake wote ukiwa umeishia kwenye ligi za weusi. Na walipomfikia wakakosea jina: wameandika "Satchell". Wakusanyaji huona kosa hilo ni kichekesho. Mimi silicheki.

Waliokosa kabisa ndio wengi. Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia uwanjani. Deni hilo lililipwa kidogo mwaka 1990, kampuni ya Eclipse ilipotoa kadi 36 za nyota wa ligi za weusi, zikiwa na michoro ya Mark Chiarello. Bei yake bado ni ya mtu wa kawaida. Ukiniuliza uanzie wapi, anzia hapo.

Mbona Ted Williams simwoni kwenye seti ya 1953? (Msomaji, Nairobi)

Mikataba. Kampuni zilinyang'anyana wachezaji, na Topps waliacha namba sita tupu: seti inaishia 280 lakini kadi ni 274. Vita viliisha 1956 Topps walipoinunua Bowman.

Nimeuziwa kadi ya 1952 kwa bei poa. Nitajuaje kama ni halisi? (Msomaji, Muscat)

Bei poa ndilo jibu la kwanza. La pili, chukua rula. Kadi za Topps za 1952 hadi 1956 zina inchi 2⅝ kwa 3¾. Topps wenyewe walichapisha upya seti ya 1952 mwaka 1983 na ya 1953 mwaka 1991, zote kwa inchi 2½ kwa 3½. Hizo si za kughushi, ni nakala halali na nzuri kwa kutazama, mradi usilipie bei ya mama yake. Kipimo kikikubali, bado usishangilie; waghushi nao wana rula. Ipeleke kwa wakaguzi wa kadi.

Nipige laminesheni zisichakae? (Msomaji, Kampala)

La hasha! Mfuko laini wa plastiki, kisha kasha gumu, mbali na jua na unyevu. Basi.