Re: Mke anamkimbia baba mkwe sebuleni
Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: mkeo ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mzee wako katoka Tanga kuja kukaa nanyi, na kila akiketi sebuleni mkeo anatoka, hamtazami usoni. Mzee anasema ni dharau.

Mimi Mnyakyusa pia, nimeolewa Pangani. Kwetu mke humwogopa baba mkwe: hakai naye, hali naye, hata jina lake halitaji. Ndiyo heshima yenyewe! Kwa mama mkwe hakuna mwiko huo, ndiyo maana wangu nilipatana naye mapema huku mzee akinuna miezi miwili.

Kwanza muulize mkeo faraghani kama ni hilo, isije ikawa kuna neno aliambiwa. Likiwa hilo, kamweleze mzee wewe mwenyewe. Mume wangu alichelewa, nikaitwa mwenye kiburi ukoo mzima. Chakula cha mzee kwa sasa peleka wewe au mtoto. Mimi nilianza na shikamoo ya nyuma ya pazia. Kula naye meza moja, mpaka leo bado. Kama wazee wa mkeo wana namna ya kulegeza mwiko, sijui, familia hazifanani. Muulize shangazi yake.