Nani amekwenda kwenye nyota akarudi?

SWALI: Ndugu mhariri, assalamu alaykum. Juzi baada ya sala ya isha tulikuwa barazani hapa Kibokoni, na kijana mmoja wa chuo akatueleza kwamba wanasayansi wanajua galaksi fulani ina gesi gani na inakwenda kwa kasi gani. Mzee mmoja akamuuliza ni nani aliyekwenda huko, akachota, akarudi nayo. Kijana alikosa jibu. Je, mzee ana haki? – Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam. Swali la mzee ni la haki, na kijana angeweza kulijibu kwa kuanzia jikoni. Ukinyunyiza chumvi kidogo kwenye moto wa gesi, ndimi za buluu hugeuka manjano. Rangi hiyo ni ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi, na ukiupitisha mwanga wake katika spektroskopu, yaani chombo kinachoutawanya mwanga kuwa rangi zake kama upinde wa mvua, utaona mistari miwili iliyokaribiana mno, mmoja kwenye urefu wa wimbi wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 589.0 na mwingine kwenye 589.6. Kila elementi, yaani kitu cha asili kama sodiamu au hidrojeni, ina mistari yake hata ikiwa kwenye nyota, na nafasi kati ya mstari na mstari ni kama meno ya ufunguo, ambayo hayafungui kufuli la jirani.

Mzee anaweza kurudi na swali jingine: je, kama vitu vya huko si vya huku? Mwaka 1868 ulionekana katika mwanga wa Jua mstari wa manjano kwenye nanomita 587.6, karibu na ile ya sodiamu lakini si yake. Mwanaastronomia Norman Lockyer alishikilia kuwa ni wa elementi isiyojulikana, ikaitwa heliamu kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya Jua, na wengi hawakumsadiki. Mwaka 1895 mwanakemia William Ramsay aliipata gesi hiyohiyo duniani, ndani ya madini ya urani. Kwa maoni yangu kisa hiki kinatosha kulituliza baraza zima, kwa kuwa mbingu ndizo zilizosomwa kwanza, na ardhi ikathibitisha miaka 27 baadaye.

Kuhusu kasi, tumfikirie nahodha wa mashua. Akielekea bahari kuu hupigwa na mawimbi mara kwa mara, na akirudi pwani mawimbi yakimfuata nyuma, hupigwa mara chache. Vivyo hivyo, mistari ya kitu kinachotuacha husogea upande wa rangi nyekundu, yote kwa uwiano mmoja, ndiyo maana ufunguo hutambulika hata ukiwa umevutwa. Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt alihangaika na mistari ya kitu cha mbali sana kiitwacho 3C 273 mpaka alipotambua kuwa ni hidrojeni ya kawaida iliyosogezwa kwa karibu asilimia 16. (Kwa galaksi za mbali sana, sababu hasa ni kupanuka kwa anga lenyewe wakati mwanga ungali njiani, kwa hiyo kusema kwamba galaksi “inakimbia” ni kurahisisha mazungumzo.)

Supanova, yaani nyota zinazolipuka, nazo hugawanywa kwa njia hii: zisizoonyesha hidrojeni huwekwa katika aina ya kwanza, zinazoionyesha katika ya pili. Mistari yake huwa mipana kwa sababu gesi hurushwa pande zote kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Ile ya Februari 1987, iliyoonekana kwa macho matupu katika anga la kusini, ilikuwa na hidrojeni.

Nyotamkia ndizo zinazomkaribia mzee zaidi. Rangi ya kijani ya vichwa vyake hutokana na molekuli za atomi mbili za kaboni, ambazo mwanga wa Jua huzivunja kabla hazijafika mkiani. Na huku kuna aliyekwenda akachota, ingawa hakuwa mtu: chombo cha Marekani kiitwacho Stardust kilipita karibu na nyotamkia Wild 2 mwaka 2004, na Januari 2006 kikarudisha vumbi lake duniani. Ndani yake mlikuwamo fuwele za olivini, madini ambayo spektra (mwanga uliotawanywa) ya nyotamkia nyingine, Hale-Bopp, ilikuwa imekwisha kuyaonyesha miaka kadhaa kabla.